Baisikeli ya Bei Kubwa au Miguu ya Mwenyewe?

Baada ya mkutano wa wazazi wa muhula huu, mzazi mmoja alinijia akaniuliza swali ambalo halikujibika kwa maneno mawili. Mwanawe yumo kidato cha tatu, naye apenda sana mbio za baisikeli. Kijana huyo alikuwa ameona dukani mjini Mbeya baisikeli ya mashindano iliyokwisha tumika Ulaya, nyembamba na nyepesi, na tangu siku ile nyumbani hakuna habari nyingine. Bei yake yakaribia bei ya ng'ombe wawili wa maziwa. Mzazi akasema, "Mwalimu, ng'ombe ninao watatu. Nikiuza wawili, mtoto atashinda?"

Nilimwomba anipe muda, nikamwahidi kwamba jibu langu atalisoma katika gazeti letu, maana najua hayuko peke yake mwenye swali hilo. Hata wanafunzi walilijadili katika mdahalo wa Jumamosi. Upande mmoja walisema baisikeli ndiyo yote, na upande wa pili wakasema miguu na mapafu ndiyo yote. Kura zilikaribiana sana, nami nadhani ni kwa sababu hapana msemaji hata mmoja aliyetaka kupiga hesabu. Hesabu nitaileta hapa chini, wala si ngumu. Lakini kwanza tuwatazame waendesha baisikeli wa kwetu.

Kila mtu aliyekaa katika Nyanda za Juu Kusini amewaona wachukuzi wetu. Mimi ni mtu wa Iringa, na tangu utoto nimewaona watu wakitoka mashambani na madumu ya ulanzi yamefungwa nyuma, wakikikabili kilima kile cha kutoka Ipogolo kwenda mjini. Huku Mbeya ninakofundisha sasa mizigo ni viazi, mkaa na ndizi. Baisikeli zao ni zile nzito za chuma, ambazo wenzetu wa Kenya wamezipa jina la Black Mamba. Hazina gia za kubadilisha, na nyingine breki yake ni soli ya kiatu cha mwenyewe. Mtu akizitazama hawezi kudhani kwamba zina neno lolote la kumfundisha mshindani.

Mwaka jana niliwachukua wanafunzi sita kwa mazoezi katika barabara ya Tukuyu, tukapanda kutoka Uyole, tukapita Igawilo, tukaendelea juu. Mmoja wao alikuwa na baisikeli nzuri ya gia, aliyoletewa na mjomba wake kutoka Dar es Salaam. Tulipokuwa kilimani akatokea nyuma yetu mchukuzi wa viazi aliyekwisha shusha mzigo wake na sasa anarudi kwao. Alivaa mabuti ya mpira, na magunia matupu ameyakunja kwenye karia. Akatupita wote. Tena alipokuwa akitupita alinisalimu, "Shikamoo, mwalimu," akauliza twaenda wapi, na wanafunzi wangu hawakuwa na pumzi ya kumjibu. Tulipofika mahali barabara inapolala kidogo, yule kijana wa baisikeli nzuri akainama, akamfikia mchukuzi, akampita, na mchukuzi hakuweza kumfuata. Kilima kilipoanza tena, mchukuzi akamrudia akamwacha kabisa.

Katika safari hiyo moja karibu mambo yote ya swali letu yalionekana. Kilimani jambo moja hutawala, na katika tambarare hutawala jambo jingine.

Sasa hesabu. Tumchukue mwendeshaji mwenye uzito wa kilo 60. Baisikeli ya chuma tuseme ina kilo 20, na ile ya bei kubwa iliyotengenezwa kwa kaboni ina kilo 7. Mshindani hatapata nyepesi kuliko hiyo kwa kiasi kikubwa, maana sheria ya chama cha dunia cha mbio za baisikeli yakataza baisikeli ya mashindano kupungua kilo 6.8. Kilima chetu kiwe na kimo cha mita 100 kutoka chini hadi juu. Kile cha Ipogolo hakipungui hapo. Kuinua kilo moja kwa mita moja kwahitaji kazi ya jouli 10 hivi. Basi mtu na baisikeli ya chuma, jumla kilo 80, wahitaji jouli 80,000. Mtu yule yule juu ya baisikeli nyepesi, jumla kilo 67, ahitaji jouli 67,000. Upepo na msuguano tuviache kwanza, maana kilimani, kwa mwendo wa polepole, si vikubwa.

Swali linalobaki ni hili: miguu yaweza kutoa jouli ngapi kwa kila sekunde? Jouli moja kwa sekunde ndiyo huitwa wati moja. Kijana mwenye afya lakini asiye na mazoezi aweza kutoa kama wati 120 kwa dakika kumi bila kuzimia. Aliyejizoeza kwa bidii miaka kadhaa aweza kutoa 240, wala si ajabu. Mabingwa wa dunia katika milima ya Ulaya hufika wati 400, tena kwa nusu saa nzima.

Gawanyeni wenyewe. Asiye na mazoezi juu ya baisikeli ya chuma atafika juu kwa dakika 11 na sekunde 7. Tukimpa baisikeli nyepesi atafika kwa dakika 9 na sekunde 18. Amepata karibu dakika mbili, na dakika mbili si kitu cha kudharau. Lakini mwenye mazoezi, juu ya chuma kile kile cha kilo 20, atafika kwa dakika 5 na sekunde 33. Atakuwa amekaa juu kule, ametafuta kivuli, amekunywa maji, na mwenye baisikeli ya kaboni asiye na mazoezi bado yuko mbali chini. Ndivyo alivyofanya mchukuzi wa viazi.

Wale wa upande wa miguu wasishangilie upesi. Mpeni yule mwenye mazoezi baisikeli nyepesi, naye atatumia dakika 4 na sekunde 39. Maana yake ni kwamba wakikutana watu wawili wenye nguvu sawasawa, mwenye baisikeli nyepesi atamwacha mwenzake kwa sekunde 54. Baisikeli ya bei huamua baina ya watu waliolingana. Baina ya watu wasiolingana haiamui. Mzazi akinunua baisikeli ya kaboni kabla mtoto hajapata mazoezi, amenunua kitu ambacho kazi yake haijafika.

Kuna jambo ambalo hesabu yangu imelificha, nalo ni gia. Baisikeli ya chuma ina gurudumu moja la meno mbele na moja nyuma. Mathalan mbele meno 44 na nyuma 18. Pedali zikizunguka mara moja, baisikeli huenda kama mita 5 na nusu. Asiye na mazoezi kilimani huenda mita 120 hivi kwa dakika. Basi atazungusha miguu mara 22 tu kwa dakika, na kila mzunguko ni kama kupanda ngazi ndefu na mtu mgongoni. Misuli yake itachoka kabla ya moyo wake, naye atashuka asukume. Mwenye gia ndogo, ambaye kila mzunguko humpeleka mita 2 na nusu, atazungusha mara 48 kwa mwendo ule ule, na atabaki kitini. Mchukuzi ameweza kwa sababu miguu yake imezoea mkazo ule kwa miaka mingi. Kwa mwanafunzi, gia zafaa kuliko wepesi wa fremu. Nazo hazihitaji ng'ombe wawili, maana baisikeli za gia za mtumba ziko tele, na fundi mzuri huweza kuzirekebisha.

Nguvu ya miguu nayo si muujiza. Mtu anapofanya mazoezi kwa majuma mengi, moyo wake hukua kidogo na kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Mishipa myembamba ya damu ndani ya misuli huongezeka, na misuli hujifunza kutumia mafuta ya mwili pamoja na sukari. Ndiyo maana mapigo ya moyo ya mwenye mazoezi akiwa amepumzika huwa machache kuliko yetu. Kilo za mwili nazo ni kilo kama za chuma. Lakini nawaonya wanafunzi wasielewe vibaya hapa. Anayekua hapaswi kujinyima chakula ili awe mwepesi. Akosaye ugali na maharage hatapata wati zozote.

Sasa twende tambarare, ambako upande wa baisikeli una haki yao. Kwa mwendo mkubwa, adui wa mwendeshaji ni hewa anayoipasua. Mwendo ukiongezwa mara mbili, tuseme kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 40, nguvu inayohitajiwa kuishinda hewa huongezeka mara nane. Si mara mbili wala mara nne. Ni mara nane. Kwa hiyo aliyekaa wima juu ya baisikeli ya mzigo, kifua wazi kama tanga la jahazi, hawezi kumfuata aliyeinama.

Mfano ulio bora kuliko yote niujuao ni wa mashindano ya saa moja, ambamo mtu huzunguka kiwanja peke yake na kupimwa ameenda mbali kiasi gani. Mwaka 1972 Mbelgiji Eddy Merckx alikwenda Mexico City, mji ulio juu sana na wenye hewa nyepesi, akaenda kilomita 49.431. Mwaka 1996 Mwingereza Chris Boardman alipanda baisikeli ya namna mpya, mikono imenyooshwa mbele kama mtu anayeruka, akaenda kilomita 56.375. Watu wakabishana sana: je, ni yeye au ni baisikeli? Chama cha dunia kikatoa sheria kwamba atakayetaka kumshinda Merckx atumie baisikeli ya namna ya Merckx. Boardman akajaribu tena mwaka 2000, sasa juu ya baisikeli ya kawaida, akaenda kilomita 49.441. Alimshinda Merckx kwa mita 10 tu. Karibu kilomita 7 zilikuwa zimepotea! Kweli alikuwa na miaka 32 badala ya 28, na mwili wake haukuwa ule wa zamani. Lakini umri wa miaka minne hauli kilomita 7. Sehemu kubwa ilikuwa ni chombo na namna ya kukaa juu yake.

Angalieni lakini neno hilo la mwisho, "namna ya kukaa". Kuinama hakuuzwi dukani. Kijana aliyempita mchukuzi wetu alifaulu kwanza kwa kushusha kifua chake. Kadhalika, kwenda nyuma ya mwenzako karibu karibu, yeye akipasua hewa, kwaweza kukupunguzia robo ya kazi au zaidi. Hayo ni mambo ya kujifunza, na mafunzo yake ni bure.

Yuko Msingapori mmoja, mpiga picha aitwaye Nicholas Leong, ambaye alijiuliza kwa nini Wakenya wanaoshinda dunia nzima kwa mbio za miguu hawaonekani katika mbio za baisikeli. Mwaka 2008 aliwapeleka Ufaransa Wakenya wawili, Zakayo Nderi na Samwel Mwangi. Hawakuwa watu wa vilabu vikubwa. Mwangi alikuwa akichukua abiria kwa baisikeli, kazi ile ya boda boda ambayo jina lake lilianzia mpakani Busia. Huko Ufaransa uko mlima maarufu, Alpe d'Huez, wenye kona 21 na mwinuko wa kilomita 13.8, ambao mashindano ya Tour de France huupanda mara kwa mara. Zakayo Nderi aliupanda kwa dakika 42 na sekunde 10. Mwitaliano Marco Pantani aliupanda mwaka 1997 kwa dakika 37 na nusu hivi, katika siku ambazo dawa zilizokatazwa zilikuwa zimeenea katika mchezo huo. Mtu asiyewahi kulelewa na klabu ya Ulaya akawa nyuma ya mwendo huo kwa dakika tano tu!

Lakini hadithi hiyo ina upande wa pili, nao mara nyingi husahauliwa na wanaoisimulia. Wakenya wale walipewa baisikeli nzuri za kupandia. Hawakupanda na Black Mamba. Tena mwendo ule haukutosha kuwaingiza katika Tour de France, kwa sababu kupanda mlima peke yako si sawa na kwenda katikati ya watu 150, bega kwa bega, ukishuka kwa kasi na kukata kona. Ujuzi huo hupatikana kwa kushindana mara nyingi, na mashindano yalikuwa machache kwao.

Wanafunzi huniuliza pia juu ya mahali petu penye mwinuko, kama hapatupi faida. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na Iringa yapungua kidogo tu. Hewa ya Mbeya ni pungufu ya ile ya pwani kwa karibu sehemu moja katika tano, na mwili ukikaa katika hali hiyo hujitahidi kuchukua oksijeni vizuri zaidi. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France miaka ya 2013, 2015, 2016 na 2017, alizaliwa Nairobi, na akiwa kijana alijifunza kwa Mkenya David Kinjah huko Kikuyu. Biniam Girmay alizaliwa Asmara, Eritrea, mji ulio juu ya mita 2,300. Mwaka 2022 alishinda Gent–Wevelgem, na mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na kuvishwa jezi ya kijani. Lakini mwinuko peke yake haupandishi mtu. Kama ungetosha, kila mtoto wa Mporoto angekuwa bingwa. Eritrea wana mbio zao wenyewe tangu mwaka 1946, na mtoto wa Asmara hukua akiona watu wakishindana barabarani. Kwetu Tanzania watu wa Mwanza na Shinyanga ndio wapenzi wakubwa wa mbio hizi, ingawa nchi yao haina milima kama yetu.

Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuletwa Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, kupanda na kushuka vilima vya mji ule. Walioanza walizidi 150, wengi wao wakiwa na baisikeli ambazo bei yake hupita shilingi milioni 25. Waliomaliza walikuwa 30 tu, na wa kwanza wao alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia. Wale wengine wote hawakushindwa kwa kukosa chombo.

Nitaje kwa kifupi na Mmarekani Lance Armstrong, aliyeandika kitabu ambacho jina lake lasema kwamba siri si baisikeli. Alisema kweli, kwa namna asiyoikusudia. Mwaka 2012 alinyang'anywa ushindi wake wote saba wa Tour de France kwa sababu ya dawa zilizokatazwa.

Basi namjibu mzazi wangu. Mzee, usiuze ng'ombe wawili. Kama nyumbani iko baisikeli ya chuma, mwache kijana aje nayo shuleni muhula mzima, kwenda na kurudi, na Jumamosi apande nayo vilima pamoja nasi. Maziwa ya ng'ombe wale yatamsaidia zaidi katika miezi hiyo kuliko fremu ya kaboni. Akivumilia, na saa ikionyesha kwamba aendelea mbele, hapo mtafute pamoja na fundi baisikeli ya gia ya mtumba, yenye kimo kinachomfaa, kwa bei ambayo haitafika ng'ombe mmoja. Siku atakapokuwa anaachwa kwa sekunde chache na watu wenye baisikeli nyepesi, hapo swali la kaboni litakuwa na maana, na huenda wakati huo ikapatikana klabu ya kumsaidia badala ya zizi lako. Na kama wako mabinti nyumbani wanaotembea kilomita nyingi kila asubuhi kwenda shule ya kata, fedha hiyo yaweza kununua baisikeli ya pili na ya tatu. Hilo si la mbio, lakini mzazi aliniuliza habari ya ng'ombe wake, nami namjibu kama mzazi.

Kabla ya fedha kubwa, ziko fedha ndogo ambazo wengi hawazitumii. Nimekagua baisikeli za wanafunzi zilizoegeshwa penye mwembe wetu, na nyingi zina kiti kilichoshushwa mno. Pedali ikiwa chini kabisa, mguu uwe karibu kunyooka. Kiti kikiwa chini, goti laumia na nguvu yapotea. Tairi zenye upepo mdogo huvuta barabara kama mtu anayetembea mchangani. Pampu ya shule iko kwangu, na haikodishwi. Cheni iliyokauka na kushika kutu hula nguvu yako na meno ya gia pamoja, na kuitia mafuta ni kazi ya dakika mbili.

Lililo kubwa kuliko hayo ni breki. Zile jouli 80,000 ulizozitoa kwa jasho wakati wa kupanda hazikupotea; zinakungoja wakati wa kushuka. Kama pasingekuwa na hewa wala breki, mtu akishuka kilima cha kimo cha mita 100 angefika chini kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Hewa humzuia kiasi, na breki ndizo huzuia sehemu iliyobaki. Kutoka Igawilo kushuka Uyole, au kutoka mjini Iringa kushuka Ipogolo, njia ni ya malori na mabasi, na soli ya kiatu haitoshi. Mpira wa breki ni bei ya vitumbua vichache. Mwenye mzigo akumbuke kwamba kila kilo aliyoifunga nyuma huongeza kazi ya breki, na kwamba rimu iliyolowa mvua haishikiki upesi.

Muhula ujao, Jumamosi ya tatu, tutafanya mbio za kilima. Duru ya kwanza kila mmoja atapanda baisikeli ile ile moja ya shule, peke yake, na saa itapima. Duru ya pili kila mtu atapanda na baisikeli yake mwenyewe. Tutachapa muda wa duru zote mbili katika gazeti lijalo, ili wale wa mdahalo wapate tarakimu za kubishania. Wavulana na wasichana wote wanakaribishwa, na wazazi waje kutazama. Majina yaandikishwe kwangu katika maabara ya fizikia kabla ya Ijumaa ya juma la pili. Baisikeli isiyo na breki mbili zinazofanya kazi haitapewa namba.